Asili ya Neno O.K.: Dai la Kiwolofu na Ushahidi Wake

Ni machache mno maneno ya Kiingereza yaliyosafiri mbali kama O.K. Husikika sokoni, garini, na hata katika kumbi zetu za mihadhara, tena vinywani mwa watu wasioweza kutunga sentensi moja kamili ya lugha hiyo. Kuhusu asili yake vimezuliwa visa vingi. Wapo wasemao kwamba ni Kiyunani. Wengine hudai ni Kiskoti. Na Rais Woodrow Wilson wa Marekani alikuwa akiandika "okeh" kwenye hati zake, akiamini kwamba neno ni la Wachoctaw, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa nchi ile. Visa hivi havistahili wino zaidi ya huo. Kimoja lakini chatuhusu sisi tunaoshughulika na lugha za Kiafrika, nacho ndicho tunachokusudia kukipima.

Mwaka 1969 David Dalby, mtaalamu wa lugha za Afrika Magharibi aliyefundisha London, alitoa hoja katika gazeti la The Times kwamba baadhi ya maneno yahesabiwayo kuwa ya Kimarekani huenda yalivushwa bahari na watumwa. O.K. alilihusisha na Kiwolofu cha Senegali: waw, yaani ndiyo, pamoja na kay, kijineno cha kutilia mkazo. Waw kay, basi, ni kama kusema "naam, hasa". Si ajabu kwamba hoja hii ilipendwa. Neno lililo midomoni mwa mabwana kila saa, kumbe ni la watumwa wao! Nani kati yetu asiyetamani iwe kweli? Nasi twapaswa kujihadhari na tamaa hiyo hiyo.

Upande wa pili kuna kazi ya Allen Walker Read, iliyochapishwa katika jarida la American Speech mwaka 1963 na 1964. Read alipekua magazeti ya kale, akaonyesha kwamba herufi o.k. zilitokea katika Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, na papo hapo zikafasiriwa kuwa "all correct", yaani "yote ni sahihi". Kufupisha maneno kwa herufi za mwanzo kulikuwa mchezo wa waandishi wa magazeti wa Boston miaka ile, na kichekesho kilizidi pale maneno yenyewe yalipoandikwa kwa makosa ya makusudi: "oll korrect". Vifupisho vingi vya aina hiyo vilikufa. Hiki kiliokolewa na siasa. Katika uchaguzi wa 1840 wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook katika jimbo la New York, walimpa lakabu ya "Old Kinderhook", yaani Mzee wa Kinderhook, wakajiita Klabu ya O.K. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison. Herufi mbili zikabaki.

Tazama sasa maana. Waw kay ni jibu: yahitaji msemaji aliyetangulia, na yamkubalia. O.K. ya 1839 si jibu la mtu kwa mwenziwe. Ni hukumu juu ya hali ya jambo, kwamba halina kosa. Tofauti hii Mswahili huiona upesi kuliko Mwingereza, kwa kuwa lugha yetu imeigawa kazi ambayo O.K. ya leo huifanya peke yake. Akubaliye husema "sawa", neno lililotoka katika Kiarabu na lenye maana ya kulingana. Aanzishaye jambo husema "haya". Alifungaye husema "basi". Mhadhiri aingiapo darasani na kutamka "okei" kabla ya somo, hajakubaliana na yeyote: amesema "haya" kwa Kiingereza. Anayetaka kulioanisha O.K. na neno la Kiwolofu hana budi kutueleza ni ipi kati ya kazi hizi iliyotangulia, na zilifuatana vipi. Kufanana kwa sauti hakutoshi. Hapa kwetu pia, wapo wanaosimulia kwamba "harambee" ni dua ya vibarua wa Kihindi waliojenga reli kuanzia 1896, bila kuuliza kwanza iwapo wavutaji wa kamba na majahazi wa pwani walikuwa wakiitana hivyo kabla ya reli.

Frederic Cassidy, mzaliwa wa Jamaika na mmoja wa watungaji wa kamusi ya Kiingereza cha kisiwa hicho ya mwaka 1967, aliipima hoja ya Dalby mwaka 1981 wala hakuikubali. Huyu hakuwa mtu wa kuzidharau asili za Kiafrika. Kamusi yake ina maneno mengi ya Kitwi.

Hata hivyo, tusiufunge mlango kwa kishindo. Ushahidi wa Read ni wa magazeti, na magazeti yalikuwa mali ya wenye kuandika. Katika South Carolina sheria ya 1740 ilikataza kumfundisha mtumwa kuandika. Kumdai mtu waraka baada ya kumnyang'anya kalamu si haki kamili. Lakini ukimya wa watumwa haumpi mtafiti ruhusa ya kuwawekea maneno kinywani.

Kwamba kazi hii yawezekana, Lorenzo Dow Turner amekwisha kutuonyesha. Tangu 1932 alikwenda kwa Wagullah, katika visiwa na pwani ya South Carolina na Georgia, watu ambao usemi wao wasomi walikuwa wakiudharau kuwa ni Kiingereza kibovu. Aliwarekodi, akajifunza lugha za Afrika ili alinganishe, na kitabu chake cha 1949 kikatoa maelfu ya majina na maneno yenye asili ya Kiafrika. Kule kusini mwa Marekani karanga huitwa "goober", na Mkongo husema nguba. Mchuzi wa Louisiana uitwao "gumbo" wabeba jina la Kibantu la bamia, kingombo, lililopoteza kiambishi chake njiani. Hapa sauti, maana na mahali vyapatana.

Wala si kweli kwamba watumwa wote hawakuandika. Omar ibn Said, Mfula aliyetekwa Futa Toro, katika Senegali ya leo, aliandika maisha yake kwa Kiarabu huko North Carolina mwaka 1831, miaka minane kabla ya mzaha wa Boston. Hati yake imehifadhiwa Washington, katika Maktaba ya Bunge. Kiwolofu nacho kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama ilivyokuwa kwa Kiswahili. Atakayetaka kuifufua hoja ya Dalby ana pa kuanzia, na msomaji wa hati za Lamu au Pate hatakuwa mgeni katika kazi hiyo.