Mkono Usio na Ufutio

Mchora hina haanzi na penseli. Bibi harusi akishakaa mkekani, miguu kainyoosha juu ya mto, fundi huanzia pale jicho lake linapopaona panafaa, mara nyingi kifundoni, na kutoka hapo tawi hutambaa kuelekea vidoleni. Katika nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, kazi hii hufanyika katikati ya mazungumzo, watoto wakiruka miguu ya watu, na hakuna anayenyamaza ili fundi apate utulivu.

Mara mkono unateleza.

Hapo ndipo pa kutazama. Tone limeanguka pasipotakiwa, au mstari umepinda. Hina huanza kushika ngozi mapema, na ikishakolea hukaa wiki moja hadi tatu. Wapo wanaoiwahi kwa ncha ya kitambaa. Lakini fundi wa siku nyingi hafuti. Tone analizungushia petali, likawa ua. Mstari uliopinda anautia kikonyo na majani mawili, kisha akifika mguu wa pili anaupinda vilevile kwa makusudi, ili miguu ilingane. Siku ya harusi hakuna ajuaye palipoharibika, na pengine ua lile lililozaliwa kwa bahati mbaya atalichora tena kwa bibi harusi mwingine kwa kuwa limempendeza.

Ujasiri huo una shule yake. Wasichana wa zamani walijifunza kwa kijiti, na kijiti hakina adabu: nukta moja nene, ya pili nyembamba. Walipewa masalio ya bakuli, majani ya mhina yaliyotwangwa na kukorogwa kwa ndimu, wakachorana wao kwa wao. Walianzia nyayoni, ambako kosa hujificha chini, ingawa ndiko rangi hukolea zaidi kwa unene wa ngozi. Aliyejichora peke yake alikwenda barazani siku ya Idi na mkono wa kushoto mzuri na wa kulia uliovurugika, akapongezwa kwa yote miwili. Linganisha na mtu mzima wa leo anayenunua daftari apate kuchora jioni kujiburudisha: anafuta, anachora, anafuta, mpaka karatasi inachanika, naye anaamini hana kipaji.

Siku hizi madukani kuna stensili za kubandika. Unapaka juu yake, unabandua, na ua limetoka sawasawa na la jirani. Na piko, rangi nyeusi ya nywele ambayo mara nyingi ina kemikali ya PPD inayowatoa baadhi ya watu malengelenge, imependwa kwa kuwa haina kungoja. Hina ya majani hutoka na rangi ya chungwa kwanza, ikakolea baada ya siku moja au mbili. Ni nani sasa mwenye subira hiyo?

Lawama si ya wachoraji peke yao. Bibi harusi huja na picha ndani ya simu, akataka ifanane nayo jani kwa jani. Ua likizidi petali moja, anadai apunguziwe bei mbele ya mashoga zake. Msichana anayejifunza kazi ameketi pembeni, anaona na kusikia yote, na safari ijayo atakuja na stensili mkobani.