Mkono wa Rubani

Ukiwa Minago, mji wa wavuvi kando ya ziwa, na unataka kumjua nahodha hodari, usimtazame akitoka. Kutoka kila mtu anaweza. Mtazame alfajiri akirudi na ndagala zake, ziwa limechafuka, mwalo umejaa mitumbwi: anazima injini, anaacha chombo kiteleze, mpaka ubao unagusa ubao bila kishindo. Kazi ya rubani wa anga za juu ni hiyo hiyo, ila kule hakuna mtu wa kumrushia kamba.

Ninayetaka kumsifu ni mwanaanga wa Kisovieti, Vladimir Dzhanibekov. Alizaliwa mwaka 1942, mahali ambapo leo ni Uzbekistan, kwa jina la Krysin. Alipooa, ukoo wa mkewe ukiwa hauna mtoto wa kiume wa kuurithi, akachukua jina lao. (Sijui ni wazee wangapi wa kwetu wangemkubalia kijana wao!) Mwaka 1965 alihitimu chuo cha marubani wa jeshi cha Yeisk, akawa mwalimu wa urubani, na mwaka 1970 akachaguliwa kuwa mwanaanga. Naamini ualimu ndio uliomjenga. Mwalimu wa urubani huona mkono wa mwanafunzi ukikosea, akavumilia kidogo, wala haukimbilii usukani.

Rubani wa ndege ya kivita akifika anga za juu hulazimika kusahau mengi. Anayefuata chombo kilicho mbele yake kwenye njia ileile, akikanyaga mafuta tu, hupanda juu zaidi na mwishowe hubaki nyuma. Vyombo vyote viwili vinakwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa, lakini vikikaribiana, tofauti ya mwendo lazima ipungue hadi iwe ndogo kuliko mwendo wa mtu anayetembea. Ufundi wote umo katika kuipunguza tofauti hiyo.

Mwaka 1982 kompyuta ya chombo chake, Soyuz T-6, ilimwangusha akikaribia kituo cha anga cha Salyut 7, akakiunganisha chombo kwa mkono. Lakini mtihani wenyewe ulikuja 1985. Mwezi Februari kituo hicho, chenye uzito wa tani 20 hivi, kilizimika. Hakikuitika redio, wala hakikuweza kutoa ishara za kumwongoza mgeni. Tarehe 6 Juni Dzhanibekov na mhandisi Viktor Savinykh wakarushwa kukifuata. Kupima umbali walitumia kifaa cha leza cha kushika mkononi. Mita 200 kutoka kituoni Dzhanibekov akasimamisha chombo, akatazama, akaridhika, ndipo akasogea. Tarehe 8 vyombo vikashikana.

Ndani kulikuwa giza na barafu. Walifanya kazi wamevaa kofia za sufu. Kihisi kimoja kibovu kilikuwa kikidanganya kwamba betri zimejaa, kwa hiyo hazikuchajiwa mpaka zikaisha kabisa. Wakaunga nyaya za betri moja kwa moja kwenye paneli za sola kwa mikono, kisha Dzhanibekov akatumia injini za chombo chao cha Soyuz kukigeuza kituo kizima kielekee jua. Umeme ukarudi.

Wanaanga wa kwanza husifiwa kwa kuthubutu, na wanastahili. Kwangu mimi Dzhanibekov yuko juu yao kwa ufundi. Alisafiri mara tano, zote akiwa kamanda. Kituo alichokifufua kiliendelea kupokea watu hadi mwaka 1986.