Kuhamisha Tovuti Bila Kuipoteza Fuma

Anayetafuta habari za Fuma mtandaoni hapati nyingi. Fuma ni kimoja kati ya Visiwa vya Bajuni, mlolongo wa visiwa vidogo unaoambaa na pwani ya Somalia kutoka Kismayo kuelekea mpaka wa Kenya. Kabla ya intaneti kulikuwa na kitabu cha Mwitaliano Vittorio Grottanelli, Pescatori dell'Oceano Indiano, kilichochapishwa mwaka 1955 kutokana na utafiti wake miongoni mwa Wabajuni mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Kwa anayesoma mtandaoni leo, hazina muhimu kuliko zote ni ya Derek Nurse, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Memorial huko Newfoundland, Kanada. Sarufi fupi ya Kibajuni, msamiati, maelezo ya jamii, jiografia na historia, vyote aliviweka kwenye kurasa zake katika tovuti ya chuo hicho, mtu yeyote asome bure.

Kurasa hizo ni za mtindo wa zamani: faili zilizopandishwa moja moja kwenye folda ya mwalimu, bila mfumo wa kusimamia maudhui nyuma yake. Anwani yake pia haikutulia. Ukipitia makala za kitaaluma zinazomnukuu Nurse utakuta anwani zinazoanza na ucs.mun.ca na nyingine zinazoanza na faculty.mun.ca. Kazi ni zile zile na mwandishi ni yule yule, ila njia ya kuzifikia imebadilika, na aliyechapisha kitabu chake kabla ya mabadiliko hawezi kurudi kukisahihisha.

Ipo siku kazi za namna hii zitaingizwa kwenye mfumo kama huo, uwe WordPress, Drupal au MediaWiki, na watakaofanya hivyo huenda wakawa vijana wa Kibajuni wenyewe walioko Mombasa, London au Kismayo. Kwa ajili yao nataka kuchambua uhamaji mmoja ambao hatua zake nyingi bado zinaonekana hadharani: Wikipedia ilivyoacha programu yake ya kwanza mwaka 2002. Ninauchagua kwa sababu ulifanikiwa katika jambo gumu na ukashindwa katika jambo lililoonekana jepesi.

Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001 kwenye programu iitwayo UseModWiki, iliyoandikwa na Clifford Adams kwa lugha ya Perl. Haikuwa na hifadhidata. Kila makala ilikuwa faili la maandishi kwenye diski ya seva. Kwa kundi dogo la watu hilo lilitosha, lakini ndani ya mwaka mmoja makala za Kiingereza zilikuwa zimefika takriban 20,000, na mafaili hayakuweza tena kubeba mzigo huo. Magnus Manske, mwanafunzi Mjerumani aliyekuwa akisoma Cologne, aliandika programu mpya kwa PHP, yenye hifadhidata ya MySQL. Iliwashwa tarehe 25 Januari 2002. Miezi michache baadaye nayo ikaelemewa, kwa kuwa iliiuliza hifadhidata maswali mengi mno kwa kila ukurasa uliofunguliwa, hivyo Lee Daniel Crocker akaiandika upya na toleo lake likaanza kazi Julai 2002. Hilo ndilo lililokuja kuitwa MediaWiki, na ndilo linaloendesha Wikipedia ya Kiswahili iliyofunguliwa mwaka 2003.

Jambo gumu lilikuwa anwani. Katika UseModWiki ya mwanzo, ili neno liwe kiungo ilibidi uunganishe maneno mawili na kuweka herufi kubwa katikati. Makala kuhusu kompyuta kwa watu wenye ulemavu iliitwa AccessibleComputing. Programu mpya haikuhitaji kabisa majina ya namna hiyo, na mtu mwenye haraka angeyafuta. Waliohamisha Wikipedia hawakuyafuta. Majina mengi yalibaki kama kurasa tupu zenye amri moja tu ya kumpeleka msomaji kwenye jina jipya. Fungua AccessibleComputing leo kwenye Wikipedia ya Kiingereza utafika, kwani ukurasa huo bado upo na nambari yake katika hifadhidata ni 10. Kiungo alichoandika mtu mwaka 2001 kinafanya kazi hadi sasa, baada ya programu kubadilishwa mara mbili na matoleo mengi kupita.

Jambo lililoonekana jepesi lilikuwa historia: nani aliandika nini, na lini. Uhamishaji ulifanywa na skripti. Kwenye orodha ya mabadiliko ya makala nyingi za kale utakuta mstari wa tarehe 25 Februari 2002 wenye jina la mtumiaji “Conversion script”, yaani skripti yenyewe ndiyo iliyosajiliwa kama mwandishi. Nyuma ya mstari huo mara nyingi hakuna kitu, au kuna vipande vichache. UseModWiki ilikuwa na kawaida ya kufuta matoleo ya zamani baada ya muda ili kuokoa nafasi, na wakati wa kuhama hakuna aliyekusanya yote yaliyobaki. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kumbukumbu za miezi ya kwanza zimepotea moja kwa moja. Ni Desemba 2010 ndipo Tim Starling, mmoja wa wahandisi wa Wikimedia, alipokuta mafaili ya nakala akiba yenye mabadiliko ya Januari hadi Agosti 2001. Kumbukumbu hizo ziliokolewa kwa sababu mtu fulani aliwahi kunakili folda nzima na kuiacha mahali. Mpango wa uhamaji haukuchangia chochote katika uokozi huo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kuhamisha tovuti daftari ni jedwali lenye safu mbili: anwani ya zamani na anwani mpya. Jedwali hilo huandikwa kabla ya mfumo mpya kusimikwa, tovuti ya zamani ikiwa bado hai. Kila mstari hugeuzwa kuwa amri ya seva yenye msimbo 301, unaoiambia programu ya kuvinjari na mitambo ya utafutaji kwamba ukurasa umehama moja kwa moja. Msimbo 302 husema umehama kwa muda tu, na wengi huuweka bila kukusudia. Kosa baya zaidi ni kuelekeza anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo. Msomaji aliyekuwa akifuata kiungo cha msamiati wa Kibajuni anajikuta mbele ya picha ya kukaribishwa, hajui kama alichotaka kimefutwa au kimefichwa. Afadhali hata aambiwe ukweli kwamba hakipo.

Picha na sauti zina mtego wake. Ukitoa maudhui kutoka WordPress unapata faili moja la XML. Ndani yake kuna maandishi, tarehe na majina ya waandishi, lakini picha na rekodi hazimo. Kilichomo ni anwani zake tu, na mfumo unaopokea huzifuata anwani hizo kwenda kuzichukua kwenye seva ya zamani. Kama seva hiyo imeshazimwa, uingizaji utakamilika bila kelele na kurasa zitaonekana nzima, mpaka mtu abonyeze rekodi ya mzee anayesimulia kwa Kibajuni na asisikie kitu. Kwa lugha yenye rekodi chache hasara hiyo hairekebishiki. Seva ya zamani isizimwe mpaka kila faili lifunguliwe na mtu, kwa jicho na kwa sikio.

Kisha herufi. Kiswahili sanifu hakina tatizo hapa kwa sababu kinatumia herufi za kawaida za Kilatini, na labda ndiyo maana mafundi wetu wengi hawajawahi kuumia. Kibajuni, kama lahaja nyingine za Kiswahili za kaskazini, kinatofautisha t inayotamkwa ulimi ukigusa meno na t inayotamkwa ulimi ukigusa ufizi, na wanaisimu wanaoionyesha tofauti hiyo huongeza alama, kwa mfano mstari chini ya herufi: ṯ. Herufi hii moja inatosha kuangusha uhamaji mzima. Katika mfumo wa herufi uitwao UTF-8 huhifadhiwa kwa baiti tatu. Tovuti mpya ikizisoma baiti hizo kana kwamba ni za mfumo wa zamani wa Latin-1, msomaji ataona á¹¯ mahali pa ṯ. Ukijaribu kuilazimisha iingie kwenye jedwali la Latin-1, ambalo halina nafasi yake, itageuka alama ya kuuliza, na hapo hakuna skripti itakayoirudisha kwa kuwa habari yenyewe imefutika. Si tatizo la zama za kale peke yake: MySQL iliendelea kufungua hifadhidata mpya kwa Latin-1 kama chaguo la kawaida hadi toleo la 8.0 la mwaka 2018, na Wikipedia ya Kiingereza yenyewe ilihamia UTF-8 mwaka 2005.

Upo pia mtego usioonekana kwa macho. ṯ inaweza kuandikwa kama herufi moja iliyokamilika, au kama t ya kawaida ikifuatiwa na alama ya mstari. Kwenye skrini zinafanana, lakini kwa kompyuta ni vitu viwili tofauti. Msamiati ulioandikwa kwa njia ya kwanza hautapatikana kwa anayetafuta kwa njia ya pili. MediaWiki hurekebisha jambo hili yenyewe kila maandishi yanapohifadhiwa, ila mifumo mingine mingi huyaacha maandishi kama yalivyoingia. Anayehamisha ayapitishe yote kwenye programu ya kusawazisha Unicode kabla ya kuyaingiza, kisha atafute maneno machache kwa njia zote mbili aone kama yanapatikana.

Lugha yenyewe nayo itambulishwe. Katika uainishaji wa lugha za Kibantu wa Guthrie, Kibajuni kiko chini ya G41, lakini katika orodha ya ISO 639-3 hakina msimbo wake na huhesabiwa ndani ya Kiswahili, swh. Fundi akiweka sw peke yake, kurasa za Kibajuni zitachanganyika na za Kiswahili sanifu, na programu za kukagua tahajia zitapiga mstari mwekundu chini ya maneno mengi. Kanuni za lebo za lugha zinaruhusu nyongeza binafsi kama sw-x-bajuni. Ni jambo dogo la kuandika, na huipa lugha nafasi yake ndani ya mfumo tangu siku ya kwanza.

Majina ya visiwa ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Ramani za Waitaliano ziliandika Coiama, Ciovai, Ciula na Chisimaio. Waandishi wengine huandika Koyama, Chovai, Chula na Kismayo au Kisimayu. Mfumo wa kusimamia maudhui hupenda kutengeneza anwani ya ukurasa kutokana na kichwa chake, kwa hiyo akija mhariri mwingine akabadili tahajia na anwani ikabadilishwa pamoja nayo, tunarudi kwenye viungo vilivyokufa. Wikipedia ilipata suluhisho lake mwaka 2013. Kabla ya hapo, chini ya kila makala kulikuwa na mistari iliyotaja jina la makala hiyo katika kila lugha nyingine, na jina likibadilika Nairobi au Roma ilibidi lirekebishwe kila mahali. Tarehe 6 Machi 2013, baada ya majaribio katika lugha chache, mpango wa Wikidata ulifunguliwa kwa Wikipedia zote zilizobaki, Kiswahili ikiwemo. Kila mahali pakapewa nambari moja inayoanza na Q, na majina yote yakaorodheshwa chini ya nambari hiyo. Roboti kama Addbot zikapita kwenye makala zikiiondoa mistari ya zamani iliyokuwa imeshahamishwa. Tovuti ya Kibajuni inaweza kufanya vivyo hivyo kwa gharama ndogo sana: kila kisiwa na kila kijiji kipewe nambari isiyobadilika, majina yote ya kihistoria yawe chini yake, na Fuma ibaki Fuma hata wahariri wakibishana juu ya tahajia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuhangaike hivi kwa kurasa zinazosomwa na watu wachache. Wabajuni wengi walikimbia vita vya Somalia tangu mwaka 1991 wakaingia Kenya, na baadhi yao wakafika Uingereza kuomba hifadhi. Huko walitakiwa kuthibitisha kwamba ni Wabajuni kweli, kwa lugha yao na kwa wanavyovijua visiwa. Mwaka 2010, katika kesi iliyoandikwa kwa herufi RB, mahakama ya rufaa za uhamiaji ya nchi hiyo ilijadili kwa kirefu uzito wa uchambuzi wa lugha uliofanywa na kampuni ya Sweden iitwayo Sprakab, na mlalamikaji alidai kuwa Mbajuni. Katika mashauri ya namna hii, maelezo ya mwanaisimu kuhusu lahaja ya kisiwa fulani yanaweza kuwa ushahidi, na ushahidi hunukuliwa kwa anwani na tarehe. Wakili akifungua anwani hiyo akaambiwa ukurasa haupo, anayeumia ni mtu aliyeketi upande wa pili wa meza.

Tatizo hili la anwani si la Kibajuni peke yake. Kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni iliyoanzishwa na Martin Benjamin mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale ilijulikana dunia nzima kwa anwani ya yale.edu/swahili, na tasnifu nyingi zimeitaja hivyo. Ilipoondoka Yale ilipata jina lake yenyewe, lakini anwani ya zamani ilibaki mikononi mwa chuo. Ndiyo maana nasema jina la tovuti linunuliwe na jamii inayohusika na lilipiwe nayo, hata kama seva ni ya kuazima. Mwenye jina ndiye mwenye uwezo wa kuelekeza viungo mwaka wowote ujao.

Kwa hiyo nawaomba wote wenye mafaili ya Kibajuni, wawe watafiti, vyama vya Wabajuni walioko ughaibuni, au mtu mmoja mwenye rekodi za bibi yake kwenye simu: kabla hamjachagua mfumo mpya, orodhesheni anwani zote zilizopo sasa, zipelekeni kwenye Internet Archive zihifadhiwe kama zilivyo, kisha nakilini folda nzima kwenye diski mbili na kuziweka katika nyumba mbili tofauti.