Sifa ya Kalamu Nyekundu

Watu wakimsifu mwalimu humsifu akiwa amesimama: sauti yake, mwandiko wake ubaoni, anavyolituliza darasa kwa kulitazama tu. Mimi namsifu akiwa ameketi, rundo la madaftari mbele yake na kalamu nyekundu mkononi. Hapo ndipo ufundi wake unapoonekana. Na hapo ndipo uvivu wake unapopata maficho, maana kuchora alama ya kosa hakuhitaji hata kupepesa jicho.

Nafundisha hesabu Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, katika makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Wanyarwanda. Leo wamo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na kila mtoto amekuja na shule ya kwao kichwani. Mpe mtoto aliyesoma Kongo 936 agawanye kwa 4. Mtoto wa Uganda ataweka 4 kushoto na jibu juu. Huyu ataandika 936, atapiga mstari wa wima, ataweka 4 kulia, na jibu lake, 234, litakaa chini ya hiyo 4. Mwalimu mwenye haraka ataangalia juu, hatakuta kitu, naye atapitisha kalamu. Au chukua mkato. Kwetu 1,250 ni elfu moja mia mbili na hamsini. Kwa aliyefundishwa kwa Kifaransa ni moja na robo. Watoto wawili wanaandika tarakimu zilezile, mmoja anahesabu ng'ombe na mwingine anapima kitambaa.

"Mwanangu, hebu nionyeshe ulivyofika hapa," mimi humwambia mtoto kama huyo.

"Kwetu tunaandikaka hivi, mwalimu."

Basi. Falsafa yangu yote ya kumsaidia mwanafunzi afaulu imo katika ombi hilo. Kabla sijaamua mtoto hajui, nataka kuiona njia aliyopita. Jibu ni mwisho wa safari tu.

Najua nitakaloambiwa: darasa lina watoto zaidi ya mia, utamwuliza nani na umwache nani? Ni kweli, na hakuna falsafa inayopunguza rundo la madaftari. Lakini makosa nayo yana tabia, na fundi huzijua. Mtoto anayebahatisha hukosea ovyo, leo hivi, kesho vile. Mtoto mwenye kanuni yake hukosea kwa utaratibu. Ukiona 52 toa 27 imekuwa 35, kisha 81 toa 46 imekuwa 45, usiseme amebahatisha. Kila safari ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Huyo ana kanuni moja iliyopinda, na kanuni moja hunyooshwa kwa kipindi kimoja. Anayebahatisha ndiye wa kurudi naye mwanzo. Wote wawili wamepata sifuri, lakini hawana ugonjwa mmoja.

Lugha ndiyo huwaponza zaidi. Uganda inafundisha kwa lugha ya mahali hadi darasa la tatu, kisha Kiingereza kinashika usukani mpaka mtihani wa kumaliza la saba. Kijana wa miaka 14 aliyekwisha kusoma miaka sita kwa Kifaransa hukalishwa na watoto wa miaka minane, magoti yakigonga dawati, kwa sababu hakuelewa swali la Kiingereza. Hesabu za sehemu alizijua kabla hajavuka mpaka.

Sisemi apewe alama za huruma. Msahihishaji wa Baraza la Mitihani hatamfuata nyumbani kumwuliza alivyofika. Kwa hiyo nampa vema yake, kisha namwonyesha jinsi Uganda inavyopanga kazi ileile, naye azishike zote mbili. Huruma isiyofundisha ni dharau iliyovaa nguo nzuri.

Nje ya hesabu pia mambo ni hayo. Biharwe, kando ya barabara ya Masaka kuingia Mbarara, kuna mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua mwaka 1520. Inasimuliwa kwamba jeshi la Mfalme Olimi wa Bunyoro lilikuwa likirudi na ng'ombe wa nyara, giza likashuka mchana, askari wakakimbia, na ng'ombe wakabaki kwa Wanyankore. Mtoto wa Mbarara huijua hadithi hiyo. Mtoto mgeni haijui, lakini mpe chungwa na tochi, aeleze kwa Kiswahili jinsi mwezi unavyoingia kati ya jua na dunia, uone. Somo zuri ni lile linalowahitaji wote wawili.

Makazini wapo walimu wa Kongo na Burundi ambao vyeti vyao havijalinganishwa na vya Uganda, wakafanywa wasaidizi wa darasa. Baadhi ya shule huwatumia kutafsiri na kunyamazisha kelele. Ni hasara, maana hao ndio wanaosoma daftari la mgeni bila mkalimani. Mwalimu mkuu, kabla hujamshusha mtoto madarasa matatu, mkalishe na msaidizi huyo kwa nusu saa, umpe hesabu kumi kwa lugha anayoifahamu, na umwachie nafasi ya kutosha kwenye karatasi aonyeshe njia.