Mkono Ulipokatika: Hadithi Fupi Ndani ya Kinyago cha Shetani

Husimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950, mjini Dar es Salaam, mchongaji wa Kimakonde Samaki Likankoa alikuwa akichonga sanamu ya binadamu, mkono ukakatika. Sanamu za namna hiyo zilikuwa na wanunuzi wake, na isiyo na mkono haikuwa na mnunuzi. Likankoa hakulitupa gogo. Alikiviringa kile kigutu, akaugeuza uso, na mtu aliyevunjika akawa kiumbe wa porini ambaye Wamakonde humwita nnandenga. Mfanyabiashara Mohamed Peera, aliyekuwa akinunua kazi zake, alikipenda kile kioja na kumtaka alete vingine. Wengi huuhesabu mtindo wa vinyago uitwao shetani kuanzia hapo.

Waandishi wa hadithi hupita mbele ya vinyago hivi kila siku na kuona mapambo ya watalii. Wachache wanaosimama huchukua kitu kisicho chao: sura. Wanaona jicho moja, ulimi mrefu, tumbo lenye tundu, wanakimbilia kalamu. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba sura ya kinyago haina faida kubwa kwa mwandishi. Cha kuazima ni namna kilivyochongwa. Nitatumia hadithi yangu fupi iliyonisumbua, nikianza na rasimu niliyoichana.

Rasimu ya kwanza

Kinyago kilichonipa hadithi hiyo kilikuwa na sikio kubwa kuliko kichwa. Mkono mmoja uliziba mdomo, na macho yalikuwa mistari miwili tu. Nikaandika kisa cha mtu aliyekinunua, akakiweka sebuleni, na usiku wa manane kikaanza kutembea. Kurasa sita. Nilipozisoma nikagundua kwamba ningeweza kuziandika bila kukiona kinyago chochote. Hadithi ya sanamu inayoamka usiku kila mtu anayo.

Kosa lilikuwa hili: nilimfanya shetani kuwa tukio, wakati mchongaji alikuwa amemfanya kuwa tabia. Shetani wa Kimakonde si lazima awe wa kutisha. Mtazame msanii George Lilanga, aliyefanya kazi katika kituo cha wasanii cha Nyumba ya Sanaa na kuendelea kuchora hadi alipofariki mwaka 2005. Mashetani wake wenye masikio mapana na tumbo mbele hupika, husengenya, hubebana, hucheza ngoma. Ni majirani zetu waliovutwa kiungo kimoja hadi tukawatambua.

Kiungo kimoja kikubwa

Hapo ndipo kuna mbinu ya kwanza. Mchongaji wa shetani hakuzi kila kitu. Akikuza sikio, macho lazima yafifie, kwa sababu gogo lina ukubwa wake na haliongezeki. Mpingo anaouchonga ni mti mgumu, mzito kiasi cha kuzama majini, na kila pigo la tezo huondoa kipande kisichorudi. Basi kukuza kiungo, kwa mchongaji, ni kukata vilivyokizunguka.

Mwandishi, kinyume chake, hupenda kuongeza. Akitaka mhusika mwenye masikio makali, huandika kwamba alikuwa na masikio makali, kisha anaendelea kumwonyesha anga, nguo na sura za watu kama kawaida. Sikio halijakua hapo, limetajwa tu.

Nikaitupa ile sebule, nikamchukua mama ntilie anayepika karibu na stendi ya daladala. Nikajiwekea sharti moja: katika hadithi nzima hataona kitu. Si kipofu. Yuko nyuma ya pazia la magunia, moshi umejaa, mikono iko kwenye mwiko. Nikapitia rasimu na kukata kila kitenzi cha kuona: alitazama, alionekana, alitokea, aling'aa. Vilikuwa vingi kuliko nilivyodhani. Kila kilipotoka kimoja, sauti ilibidi ifanye kazi yake. Kandambili zikaanza kuburuzika kwa namna inayomtofautisha mwenye haraka na mwenye deni. Wateja wakapata vikohozi, vicheko na namna ya kuvuta benchi. Na konda mmoja akapata sarafu: alikuwa na mtindo wa kuzichezesha kiganjani, mara tatu, kituo, mara mbili. Mama ntilie akamjua kwa hizo sarafu kabla hajatamka neno.

Sikuandika popote kwamba mama huyu anasikia sana.

Kigutu

Kisha hadithi ikavunjika. Usiku mmoja dereva anapigwa nyuma ya banda, anaumizwa vibaya. Mama anasikia kila kitu, zikiwemo sarafu. Asubuhi askari wanakuja kuuliza. Kwa msuko nilioupanga, alitakiwa kumtaja yule konda na kesi kusonga mbele. Lakini nilikuwa nimemnyima macho. Askari yeyote angemuuliza swali moja ambalo hadithi yangu haikuwa na jibu lake.

Nilitafuta gundi. Nikafikiria kutoboa pazia, kuwasha taa ya gari, kuleta mtoto aliyechungulia. Kila tundu nililolifungua lilimrudishia mama macho, na hadithi ikawa ya kawaida tena. Ndipo nikamkumbuka Likankoa na kile kigutu. Yeye hakutafuta mkono mwingine wa kubandika. Aliuliza, kwa patasi, ni kiumbe gani ambaye kigutu hiki ni umbo lake halali.

Swali hilo linafaa kubandikwa juu ya meza ya mwandishi. Rasimu inapokatika, usiulize utaiungaje. Uliza ni hadithi gani ambayo kwake ufa huu ni kiungo kamili. Nikaacha askari waulize: ulimwona? Sasa mama ana njia mbili. Akisema alimsikia, amesema kweli na hakuna atakayemwamini. Akisema alimwona, amesema uongo ili ukweli upate kuaminika. Pengo nililokuwa nikilikimbia likawa ndilo dhamira ya hadithi, na ule mkono ulioziba mdomo, ambao tangu mwanzo sikujua niufanyie nini, ukapata kazi.

Ukanda mweupe

Kiini cha mpingo ni cheusi, lakini chini ya gome kuna utando mwembamba wa rangi hafifu. Mchongaji mara nyingi huacha sehemu yake, pengine kwenye kitako, ili mnunuzi ajue kwamba weusi ule ni wa mti wenyewe. Mitaani zipo sanamu za miti mingine zilizopakwa dawa ya viatu. Hizo ni nyeusi kote, na weusi wake hubaki vidoleni.

Hadithi inayotokana na sanaa ya ajabu hukabiliwa na hatari hiyohiyo ya kuwa ajabu kote. Ukishampa mhusika sikio kubwa, unashawishika kumpa na ndoto za ajabu, jina la ajabu, mji usiokuwepo. Msomaji anakosa mahali pa kushika. Mimi niliacha ukanda wangu mweupe kwenye mambo ya jikoni: kiasi cha maji kwenye ugali wa watu arobaini, mkaa unaokopwa hadi Ijumaa, sahani ya bati inayorudi na mfupa. Aya hizi sikuzipamba. Kazi yake ni kumthibitishia msomaji kwamba chini ya ajabu hii yote kuna mti wa kweli.

Jina

Lilanga alikuwa na tabia nyingine inayomfaa mwandishi: kazi zake nyingi alizipa majina marefu ya Kiswahili, sentensi nzima, mithili ya mazungumzo yaliyokatizwa. Unasoma jina, unatazama picha, na vitu hivyo viwili havilingani sawasawa. Katikati yake unaanza kutunga mwenyewe.

Mmarekani Chris Van Allsburg alilifanya pengo hilo kuwa kitabu kizima mwaka 1984, The Mysteries of Harris Burdick: picha 14, kila moja na jina na sentensi moja au mbili, bila hadithi. Stephen King alichukua mojawapo, ya nyumba inayopaa, akaandika hadithi iliyotoka katika mkusanyiko wake wa mwaka 1993. Mwaka 2011 kikatoka kitabu ambamo waandishi kadhaa walizigeuza picha zote 14 kuwa hadithi. Ukitaka kujua kinyago kina hadithi au hakina, kijaribu hivyo: kiandikie sentensi moja isiyokieleza. Sentensi ikikaa bila kusukumana na umbo, tafuta kinyago kingine.

Na kabla ya sentensi hiyo, muulize mchongaji jina alilokipa. Mtindo wa shetani si urithi wa kale kama wauzaji wengine wanavyowaambia wageni. Ni sanaa ya mjini, kazi ya watu waliovuka Ruvuma kutafuta ajira, wengi wao kwenye mashamba ya mkonge, na ilikua kwenye maelewano kati yao na soko. Lakini viumbe wenyewe wana majina na mienendo katika simulizi za Wamakonde. Mwandishi anayechukua umbo bila kuuliza hufanana na mnunuzi anayeomba apunguziwe bei kwa sababu sanamu haina mkono.

Hadithi yangu niliiita Sikio. Nilipoisoma tena nikaona jina linaeleza kinyago na kuimaliza hadithi kabla haijaanza. Nikalifuta, nikaweka swali la askari: Ulimwona? Jibu la mama sikuliandika. Mwisho wa ukurasa askari amefungua daftari, kalamu imegusa karatasi, na upande wa pili wa pazia mtu amesimama kusikiliza, akichezesha sarafu: mara tatu, kituo, mara mbili.