Namna ya Kumpima Beki: Mwongozo kwa Mtazamaji wa Djugu

Ubora wa beki, yaani mchezaji aliyekabidhiwa kazi ya kuzuia hatari kabla haijamfikia kipa, ni mgumu kupimwa kuliko ule wa mshambuliaji, kwa kuwa kazi yake ikifanyika vizuri haiachi alama yoyote kwenye ubao wa matokeo. Watazamaji wengi humshangilia beki anayejitupa chini na kuunyang'anya mpira miguuni mwa mpinzani, ilhali mara nyingi kujitupa huko ni fidia ya kosa lililotangulia, la kusimama mahali pasipofaa sekunde chache kabla.

Kwa hiyo anayetaka kupima kwa haki hana budi kuuacha mpira na kumtazama beki mwenyewe wakati mpira uko mbali naye. Beki aliyekomaa hugeuza shingo mara kwa mara ili ajue mshambuliaji amehamia wapi. Husimama kiubavu, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, asije akapoteza muda wa kujigeuza pasi ndefu ikipigwa. Tena hujiweka kati ya mshambuliaji na lango, akibakiza nafasi ya hatua moja au mbili. Katika jambo hili anayesimama kando ya kiwanja cha Djugu au Bunia amebahatika kuliko mwenye televisheni, kwa maana kamera huufuata mpira.

Matokeo, kwa upande wao, ni shahidi mbaya, na historia ya Kongo yenyewe inathibitisha hivyo. Bwanga Tshimen, beki wa kati wa klabu ya Lubumbashi inayojulikana leo kama TP Mazembe, alitunukiwa mwaka 1973 Mpira wa Dhahabu wa Afrika, tuzo ya gazeti la France Football ambayo mabeki wachache mno wamewahi kuipata. Mwaka uliofuata alikuwamo katika kikosi cha Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kilichotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri. Miezi michache baadaye, katika Kombe la Dunia nchini Ujerumani Magharibi, safu hiyohiyo ya ulinzi ilifungwa mabao 2 na Scotland, 9 na Yugoslavia na 3 na Brazil. Haiwezekani mtu asahau kukaba katika muda huo mfupi. Katika mechi ya Yugoslavia, iliyotanguliwa na mgogoro wa malipo ya wachezaji, kipa Kazadi alitolewa mapema, na mshambuliaji Ndaye Mulamba akaonyeshwa kadi nyekundu kwa kosa ambalo hakulitenda, hata timu ikabaki na watu 10 kwa zaidi ya saa nzima.

Wajapani wanao mfano unaokaribiana na huo. Masami Ihara, beki wa kati aliyestaafu mwaka 2002 baada ya kuichezea timu ya taifa mechi 122, alichaguliwa mchezaji bora wa Asia mwaka 1995, kisha akawa nahodha wa Japani katika Kombe lao la kwanza la Dunia, mwaka 1998, ambako walipoteza mechi zote 3. Tofauti ni kwamba Japani ilifungwa mabao 4 tu, na kwa tofauti ya bao moja kila mara. Hapo mtu anaweza kusema ulinzi ulisimama, ila mbele hapakuwa na mmaliziaji.

Kuna pia kipimo ambacho watu wa jukwaani hukipuuza, nacho ni sauti. Beki wa kati huuona uwanja wote mbele yake, hivyo hupaswa kuwaongoza wenzake, hasa pale safu nzima inapopanda pamoja ili mshambuliaji aachwe katika nafasi ya kuotea, yaani nyuma ya mabeki wakati pasi inapopigwa. Katika kiwanja kisicho na jukwaa maneno yake husikika hadi kwenye mstari, na inafaa kusikiliza kama yanatoka kabla ya pasi, au yanakuja baada ya bao, yakiwa lawama.