Jiwe Linaloongea
Jabali la Gangilonga, mjini Iringa, lina jina ambalo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea. Anayesomea jiolojia chuo kikuu, iwe Dar es Salaam au Dodoma, anajifunza kuyaelewa maongezi ya namna hiyo. Akigonga graniti kwa nyundo na kukitazama kipande kwa lenzi, huona chembe za kwatsi, feldispa na maika zilizoshikana. Ukubwa wa chembe humwambia kwamba mwamba ulipoa taratibu, chini sana ardhini, na kwamba vyote vilivyoufunika vimeshaliwa na mvua na upepo. Ufundi huu si mgeni hapa: kwenye korongo la Isimila, nje kidogo ya mji, waliochonga mashoka ya mawe zaidi ya miaka 200,000 iliyopita iliwabidi wajue kwanza jiwe lipi huchongeka na lipi hupasuka ovyo.

Wazazi wengi husita kulipia masomo haya. Wanasema ni ya migodini, dhahabu iko Geita, na bei ikianguka ajira nayo huanguka. Hoja hiyo ina uzito, lakini imeiona nusu ya kazi. Mabwawa ya Mtera na Kihansi yamesimama juu ya miamba iliyobidi ipimwe kwanza. Kule Mbeya, jotoardhi la Ngozi linatafutwa kwa elimu hii. Na kuna visima. Graniti nzima haihifadhi maji. Maji hukaa kwenye nyufa zake na katika tabaka la juu lililooza. Ukikosea hatua chache tu, kisima hutoka kikavu na michango ya kijiji imepotea.

Wapo watakaosema vifaa vya kisasa vinatosha kuyapata maji. Kifaa hupitisha umeme ardhini na kupima unavyokinzwa. Penye maji hupita kwa urahisi. Lakini penye udongo wa mfinyanzi pia hupita kwa urahisi, na udongo huo huyang'ang'ania maji yake. Namba ni moja, maana ni mbili. Anayezitenganisha ni yule aliyetembea bondeni, akafuata mstari wa ufa mwambani, akawauliza wazee chemchemi ipi haikauki kiangazi, ndipo akapiga kigingi pa kuchimba. Kikikaa mahali pake, akina mama wa kijiji kizima hupunguziwa mwendo wa ndoo kichwani. Kwa kazi hiyo, ada ya mtoto haijapotea.